Springi Ziliongezwa, Kikomo Kikabaki Palepale: Uchambuzi wa Pikapu ya Viazi ya Kinangop

Mfanyabiashara mmoja wa viazi wa Kinangop Kusini ana pikapu ya dizeli ya kebini moja, ambayo huitumia kukusanya mzigo mashambani pande za Njabini na kuupeleka Nairobi, katika Soko la Wakulima ambalo wengi huliita Marikiti. Kwa kuwa mkia wa gari ulikuwa ukilala kila lilipopakiwa, alilipeleka kwa fundi wa springi, akaongezewa majani mawili, yaani vipande vya chuma vya springi, kila upande. Alipokuwa huko huko akafungiwa keji ya mabomba juu ya bodi ili magunia yapangwe kwa kimo, akawekewa ngao ya chuma mbele, akaongeza tairi la pili la akiba, na matairi manne ya barabarani akayabadilisha kwa mengine mapana yaliyokaa vizuri kwenye rimu za aloi. Tangu hapo gari hupakia magunia makubwa 12 na mkia haulali tena. Anachotaka kujua ni kama, baada ya kazi hiyo yote, gari lake sasa linaruhusiwa kisheria kubeba karibu tani moja na nusu.

Kisa hiki ni cha mfano. Tarakimu za gari zimewekwa kwa kiwango cha kawaida cha pikapu za daraja hili na hazisemi lolote juu ya kampuni fulani. Mwenye gari lake asome kibati cha gari lake, ambacho mara nyingi hubandikwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kibati cha gari letu kinasema kwamba uzito wa jumla usizidi kilo 2,850, ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele, isibebe zaidi ya kilo 1,250, na ya nyuma isibebe zaidi ya kilo 1,850. Ukijumlisha ekseli mbili unapata kilo 3,100, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya, kwa sababu hudhani kwamba jumla hiyo ndiyo haki yao. Vikomo hivyo vitatu husimama kila kimoja peke yake, na gari linakuwa limezidisha mara tu linapovuka chochote kati yake. Mlangoni pameandikwa kwa rangi, kama ilivyo kawaida kwa magari ya biashara nchini Kenya, uzito mtupu wa kilo 1,650 na uwezo wa mzigo wa kilo 1,200.

Mwenye gari hufanya hesabu yake kutoka kwenye tarakimu hiyo ya mlangoni. Anasema kwamba gunia moja lina kama kilo 120, magunia 12 ni kilo 1,440, kwa hiyo amezidisha kilo 240 tu, na majani manne mapya ya springi hayashindwi na kilo 240. Hesabu hii ina kosa kabla hata hatujafika kwenye springi. Kilo 1,200 zilipatikana kwa kutoa uzito mtupu kwenye uzito wa jumla siku gari lilipokuwa kama lilivyotoka kiwandani, bila keji, bila ngao na bila watu ndani. Keji ya mabomba ina kilo 95, ngao ina kilo 50, majani ya ziada yana kilo 30, na tairi la pili la akiba pamoja na rimu yake lina kilo 25. Hizo ni kilo 200 za chuma na mpira ambazo gari huzibeba hata likienda kanisani. Dereva na utingo, tukiwakadiria kilo 75 kila mmoja, huongeza kilo 150. Kinachobaki kwa ajili ya viazi ni kilo 850. Gari likiondoka shambani na kilo 1,440 za viazi, uzito wake wote ni kilo 3,440, na ziada ya kweli ni kilo 590, ambayo ni zaidi ya moja ya tano ya uzito unaoruhusiwa.

Na hapo tumemkubalia neno lake kwamba gunia ni la kilo 120. Gunia analolizungumzia ni lile lililoongezewa wavu juu ukashonwa kama kilemba, ambalo Nyandarua huliita mukorino, na uzito wake hutegemea mkono wa aliyelijaza. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, na mjadala wake kwa kawaida huwa juu ya mkulima kupunjwa bei. Kwa mwenye gari kanuni hiyo ina faida nyingine ambayo haitajwi sana: anayepakia magunia ya kilo 50 anaweza kuhesabu mzigo wake kwa macho, ilhali anayepakia mukorino hajui anachobeba mpaka apate mizani.

Tukiuchukua uzito kwa ekseli, hali ni mbaya zaidi ya inavyoonekana kwenye jumla. Gari likiwa tupu, ekseli ya mbele hubeba kilo 950 na ya nyuma kilo 700. Watu wawili waliokaa kwenye kebini huongeza kama kilo 90 mbele na 60 nyuma, na vile vyuma vya ziada huongeza kama kilo 60 mbele na 140 nyuma. Sasa tazama namna magunia yanavyopangwa. Kwa kuwa bodi haitoshi, mlango wa nyuma hushushwa ukashikwa kwa minyororo, na safu ya mwisho ya magunia hukaa juu yake. Kwa mpango huo kitovu cha uzito wa mzigo hutoka mbele ya ekseli ya nyuma, mahali kilipokusudiwa kuwa, kikaenda kama sentimita 20 nyuma yake. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.1, kwa hiyo ekseli ya nyuma hupokea kilo 1,440 mara 3.3 kugawanya kwa 3.1, yaani kama kilo 1,533, ambazo ni nyingi kuliko mzigo wenyewe. Hizo kilo 93 za ziada zimenyanyuliwa kutoka kwenye ekseli ya mbele, kwa sababu mzigo uliopita nyuma ya ekseli huikandamiza nyuma na papo hapo huinua pua ya gari.

Jumla ya ekseli ya nyuma, basi, ni kilo 2,433, dhidi ya kikomo cha 1,850. Imezidishwa kilo 583, karibu thuluthi moja. Wakati huo huo ekseli ya mbele ina kilo 1,007 tu, na ilikuwa na nafasi ya kilo 243 ambayo haikutumika. Madereva wa njia hiyo huijua hali hii kwa jina la usukani mwepesi, na wapo wanaoisifia. Wepesi huo ni matairi ya mbele ambayo hayajashika lami vya kutosha, jambo linaloonekana zaidi asubuhi yenye ukungu na mvua kati ya Magumu na Kimende.

Je, ni nani angeligundua? Hapa kisa chetu kinaingia mahali ambapo watu wengi huchanganyikiwa, na si kwa kosa lao. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 huanzia kwenye magari yenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 na kuendelea, kwa kuwa kusudi lake kuu ni kuilinda barabara isivunjwe na malori. Vikomo vyake ni vya ulimwengu mwingine kabisa: tani 8 kwa ekseli ya usukani yenye matairi mawili, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima kubwa kuliko yote. Pikapu yenye kilo 3,440 haifikii hata mlango wa sheria hiyo. Njia yake ya kupitia Flyover na Limuru haipiti mizani ya Gilgil wala ya Athi River, na hata kama ingepita, mizani hiyo haikuwekwa kwa ajili yake. Hapo ndipo lilipozaliwa lile dai la vijiweni kwamba pikapu haina kikomo cha uzito nchini Kenya.

Dai hilo huangushwa na sheria nyingine ambayo ni ya zamani zaidi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza gari lolote kutumika barabarani likiwa na mzigo unaozidi ule uliotajwa na mtengenezaji wa chesisi, au unaozidi uwezo wa mzigo uliopimwa na mkaguzi chini ya sheria hiyo. Kifungu hakisemi lori wala tela. Kinasema gari, na pikapu ni gari. Kuna tarakimu ya tatu ambayo nayo huvuruga watu, yaani kilo 3,048, ambayo katika Sheria ya Trafiki hutenganisha gari jepesi la biashara na zito, na ndiyo iliyotumika pia kuamua ni gari lipi la biashara lifungwe kidhibiti mwendo. Tarakimu hiyo yenye mkia wa ajabu ni tani tatu za Kiingereza zilizogeuzwa kuwa kilo, na hupimwa kwa uzito mtupu wa gari, ilhali zile 3,500 hupimwa kwa uzito wa jumla. Pikapu yetu iko chini ya zote mbili na bado imevunja sheria, kwa sababu kikomo chake kiko kwenye kibati chake.

Tugeukie springi zenyewe, maana ndizo zilizompa mwenye gari ujasiri. Springi kazi yake ni kuamua gari lilale kiasi gani chini ya mzigo fulani. Mtengenezaji alipoandika kilo 1,850 kwa ekseli ya nyuma hakuangalia springi peke yake. Aliangalia nyumba ya difu (gia za ekseli ya nyuma), beringi za magurudumu, rimu, matairi, breki na chesisi, kisha akaandika tarakimu ambayo kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote kinaweza kuimudu kwa miaka. Fundi ameimarisha kiungo kimoja. Vingine vyote ni vile vile, isipokuwa matairi, ambayo yamedhoofika.

Ubavuni mwa matairi ya awali paliandikwa 110/108 na herufi C ya magari ya biashara. Namba 110 maana yake tairi moja likifungwa peke yake hubeba kilo 1,060, na 108 ni kilo 1,000 kwa kila tairi pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja, jambo ambalo halituhusu hapa. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa na uwezo wa kilo 2,120, juu ya kikomo cha ekseli, kama inavyostahili. Matairi mapya yana namba 104, ambayo ni kilo 900. Mawili ni kilo 1,800, chini ya kikomo cha ekseli hata kabla ya kuzidisha chochote. Kwa mzigo tuliouhesabu, kila tairi la nyuma linabeba kama kilo 1,216, yaani kilo 316 zaidi ya uwezo wake. Hata yale ya zamani yasingetosha. Upana wa tairi humdanganya mnunuzi; kinachobeba ni idadi ya nyuzi za ndani na upepo linaouhimili, na hayo husomwa kwenye ile namba, wala hayaonekani kwa kulitazama tairi kutoka mbele.

Jambo la breki ni la hila zaidi, na fundi wa springi huenda hakulijua. Katika pikapu nyingi za miaka ya nyuma kuna vali iliyofungwa kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo nyembamba inayoshuka mpaka kwenye nyumba ya difu. Gari likipakiwa, chesisi hushuka, fimbo hupanda, na vali huelewa kwamba mzigo umekuja, kwa hiyo hufungulia breki za nyuma nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Ukiongeza majani manne ya springi, mkia haushuki. Vali inaona gari tupu. Kwa hiyo gari lenye mzigo wa tani moja na nusu, ambao karibu wote uko nyuma, linasimamishwa kwa sehemu kubwa na breki za mbele, wakati matairi ya mbele ndiyo yaliyopunguziwa uzito. Kinangop Kusini iko kwenye kimo cha takriban mita 2,500 na Nairobi iko kama mita 800 chini yake, na mteremko wote huo hulipwa kwa joto la pedi. Magari mapya yenye breki za kielektroniki huligawa jambo hili kwa njia nyingine, lakini mwenye gari lenye fimbo hiyo anapaswa kuirekebisha kila springi zinapoguswa, na fimbo ikirekebishwa haibadilishi kibati.

Chesisi nayo ina maoni yake. Springi za awali zilikuwa zikimeza sehemu ya kila pigo la shimo, na majani ya ziada hulipitisha pigo hilo moja kwa moja kwenye fremu. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli huuvuta mkia chini. Kati ya vitu hivyo viwili, fremu hupinda pale nyuma ya kebini, ambapo mwanya kati ya kebini na bodi huanza kuwa mpana juu kuliko chini. Mwenye gari anaweza kuupima mwanya huo kwa vidole vyake bila kumlipa mtu.

Je, hakuna njia yoyote ya kuongeza kikomo kihalali? Ipo mahali pengine, na inafaa kuijua kwa sababu vifaa vya kuongezea springi vinavyouzwa mitandaoni na madukani Nairobi hutangazwa kwa maneno ya huko. Nchini Australia mtu anaweza kununua seti ya springi na shokapu iliyofanyiwa majaribio kwa gari la aina mahususi, ikafungwa na fundi aliyeidhinishwa, na uzito wa jumla ukaandikwa upya kwenye kibati cha pili. Ikiwa kazi imefanywa kabla gari halijasajiliwa kwa mara ya kwanza, hushughulikiwa kwa kanuni za taifa zima. Ikiwa baada ya hapo, hufuata kanuni za jimbo na cheti cha mhandisi. Hata huko, matairi na rimu lazima viendane na tarakimu mpya. Na wakati mwingine mtengenezaji mwenyewe ndiye huibadilisha tarakimu: mwaka 2022 Toyota ya Australia ilipandisha uzito wa jumla wa Land Cruiser za mfululizo wa 70 hadi kilo 3,510, kilo kumi tu juu ya mpaka wa 3,500, na gari likahamia daraja la magari ya mizigo ya wastani. Kilo kumi hizo zinaonyesha jinsi mpaka wa daraja unavyoweza kuwa na uzito kuliko chuma chenyewe.

Kibati cha Australia hakisafiri na sanduku la springi. Aliyenunua seti hiyo na kufungiwa Kenya amenunua springi nzuri, pengine shokapu bora kuliko alizokuwa nazo, lakini rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, bado zina tarakimu ya zamani, na kifungu cha 56 hutazama mtengenezaji wa chesisi au kipimo cha mkaguzi. Kwa maoni yangu, njia ya mkaguzi isichukuliwe kama mlango wa nyuma. Bila karatasi ya mtengenezaji inayosema kwamba chesisi ya namba hiyo inaruhusiwa uzito zaidi, hakuna mkaguzi makini atakayeongeza kilo kwa kuangalia majani manne mapya.

Upande wa bima wengi huuelewa nusu. Sera za magari ya biashara kwa kawaida hukataa kulipia uharibifu wa gari lililozidishiwa mzigo, kwa hiyo pikapu yetu ikipinduka, mwenyewe ajihesabu kuwa amebaki na chuma chakavu. Kwa mtu wa tatu aliyeumizwa mambo ni tofauti. Kifungu cha 16 cha sheria ya bima ya watu wa tatu, Sura ya 405, kinaliondolea nguvu sharti la sera linalohusu uzito wa mzigo pale anapodai mtu huyo, hivyo kampuni italipa. Kisha sheria hiyo hiyo inairuhusu kampuni kumgeukia mwenye gari na kumdai ilicholipa. Fidia ya mtu aliyepoteza mguu inaweza kumaliza shamba.

Ushauri wangu kwa mwenye gari ni kufumua sehemu kubwa ya kazi ile. Springi za awali, kama zimechoka, zibadilishwe kwa mpya za kiwango kile kile. Keji ya mabomba mazito itolewe na nafasi yake ichukuliwe na fremu nyepesi ya turubai yenye kama kilo 35. Ngao na tairi la pili la akiba vishushwe. Matairi yarudi kwenye namba 110. Hapo gari linarudishiwa kilo 165, na nafasi ya mzigo inapanda kutoka kilo 850 hadi 1,015, yaani magunia 20 ya kilo 50. Yapangwe kuanzia ukutani mwa kebini, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, ili kitovu kiwe kama sentimita 20 mbele ya ekseli: nyuma kutakuwa na kama kilo 1,730 na mbele kama 1,105, vikomo vyote vitatu vikiwa vimeheshimiwa. Ili kuthibitisha, apite kwenye mizani ya kiwanda au ya ghala lolote linalopima kwa malipo, apandishe magurudumu ya mbele peke yake kwanza, kisha gari zima, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo ekseli ya nyuma.

Atapoteza kiasi gani? Safari kumi za kilo 1,000 hubeba karibu sawasawa na safari saba za kilo 1,440. Ni gharama halisi, na mafuta ya safari tatu zaidi si mzaha. Ikiwa biashara imekua kiasi kwamba hawezi kuimudu, pikapu imekwisha kuwa ndogo kwake, na kinachofaa ni kukodi kanta, yaani lori dogo, kwa kushirikiana na jirani siku za soko, au kununua moja. Kanta yenye uzito wa jumla unaovuka kilo 3,500 itaingia chini ya ile sheria ya Jumuiya, na ikipita Gilgil itatakiwa kupanda mizani, kwa hiyo kabla ya kuinunua asome kibati chake kwa utaratibu ule ule: uzito wa jumla, ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, kisha namba ya tairi.